Kukarabati Uharibifu Mdogo wa Tanga la Ubao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wenye mbao za tanga, yaani mbao za kuteleza juu ya maji kwa nguvu ya upepo (windsurfing), wanaocheza katika Ghuba ya Mikindani, ufukwe wa Shangani na upande wa Msimbati, mkoani Mtwara, hasa katika miezi ya kusi ambapo upepo hutosha na matanga hupata misukosuko mingi. Majibu yanahusu uharibifu mdogo tu, ule ambao mwenye tanga anaweza kuushughulikia mwenyewe barazani au kwa msaada wa fundi cherehani wa mtaani. Yamezingatia pia kwamba vifaa maalumu vya mchezo huu havipatikani kirahisi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa hiyo pale ambapo kifaa mbadala kinafaa kimetajwa, na pale ambapo hakifai imesemwa wazi.

Ni uharibifu gani unaoweza kuhesabiwa kuwa mdogo?

Watu wengi hupima uharibifu kwa urefu wa mpasuko, lakini mahali ulipo mpasuko ni jambo kubwa kuliko urefu wake. Tanga la ubao hubeba mzigo mkubwa katika kona yake ya chini iliyo karibu na mguu wa mlingoti, katika kona ya nyuma inayofungwa kwenye bumu, yaani ule mti wa mlalo ambao mchezaji hushika, na katika ukingo wote wa nyuma kuanzia kona hiyo hadi kileleni. Sehemu ya katikati, hasa lile dirisha la plastiki angavu ambalo mchezaji huchungulia, hubeba mzigo mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo mpasuko wa sentimita 20 katikati ya dirisha unaweza kuzibwa nyumbani na ukadumu misimu kadhaa, ilhali mpasuko wa sentimita 5 karibu na kona ya nyuma unaweza kulimaliza tanga zima kwa pigo moja la upepo.

Kwa kawaida tundu lisilozidi ukubwa wa sarafu, mpasuko usiovuka mshono kuingia kipande kingine, mshono uliofumuka kwa urefu wa shibiri moja, na sehemu iliyosagika bila kutoboka ni kazi za nyumbani. Mpasuko ulioanzia kwenye ukingo wa nyuma, kona iliyong'oka pete yake ya chuma, na plastiki iliyokauka na kupasukapasuka yenyewe si kazi za nyumbani, hata kama kwa macho zinaonekana ndogo.

Tanga langu limetengenezwa kwa kitu gani, na kwa nini ni lazima nijue kabla ya kuanza?

Ni lazima ujue kwa sababu kila kitu huchanika kwa namna yake. Matanga mengi huwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni dakroni, kitambaa cheupe au cha rangi kilichofumwa kwa nyuzi za poliesta, ambacho hutumika zaidi kwenye mfuko wa mlingoti na kwenye kona. Cha pili ni plastiki angavu isiyofumwa, nayo pia ni poliesta, yenye unene wa sehemu ndogo tu ya milimita. Cha tatu ni plastiki yenye nyuzi ndani, ambayo huonekana kama miraba au almasi ndogondogo ukiishika mbele ya mwanga.

Dakroni ikichanika, nyuzi za jirani husaidiana na mpasuko huenda polepole. Plastiki angavu hukaza sana na hustahimili mvutano mkubwa ikiwa nzima, lakini ikishapata mkato mdogo, mkazo wote hukusanyika kwenye ncha ya mkato ule na mpasuko hukimbia hadi kwenye mshono. Plastiki yenye nyuzi iko kati ya hizo mbili, kwa kuwa mpasuko hukimbia mpaka ukutane na uzi, ukasimama hapo kwa muda. Hivyo tundu la ncha ya kalamu kwenye plastiki angavu lizibwe siku hiyohiyo, wakati mkwaruzo wa namna hiyo kwenye dakroni unaweza kusubiri wikiendi.

Tanga limetoboka nikiwa majini. Nifanye nini hapo hapo?

Punguza mzigo. Fungua tanga kidogo upepo upite, usilipepee ili kupata mwendo, na urudi ufukweni kwa njia fupi hata kama itakulazimu kutembea sehemu ya mwisho. Ukiwa unacheza wakati maji yanakupwa, hasa siku za bamvu ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, angalia pia usije ukaliburuta tanga juu ya miamba yenye makombe ya chaza, kwani matundu mengi yanayoletwa kukarabatiwa yamepatikana hapo na wala si upepo uliosababisha. Ukifika nchi kavu, lifute tanga palipotoboka, ukaushe kwa kitambaa, kisha ubandike tepu yoyote uliyo nayo pande zote mbili kabla ya kulikunja. Tepu hiyo ni ya muda; kazi yake ni kuzuia ncha za mpasuko zisisogee njiani.

Ni hatua zipi za kubandika kiraka kwenye plastiki angavu?

Kazi hii inategemea usafi zaidi kuliko ufundi wa mikono. Ondoa kwanza mlingoti, bumu na mbavu, yaani vile vijiti virefu vinavyolipa tanga umbo, ili plastiki isiwe na mvutano wowote. Osha eneo lenye tundu kwa maji baridi ya bomba na sabuni kidogo, pande zote mbili, kwa sababu chumvi ikibaki tepu haishiki. Ipo njia rahisi ya kupima, nayo ni kupitisha kidole kilicholowa juu ya plastiki na kukilamba, kwani ulimi huitambua chumvi ambayo jicho haliioni. Eneo likikauka, lifute kwa kitambaa safi kisichotoa vumbi kilichotiwa spiriti ya dukani, usubiri dakika chache ikauke yenyewe, na kuanzia hapo usiguse tena kwa vidole, kwa maana mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kazi.

Litandaze tanga juu ya kitu kigumu na laini, kama meza ya mbao au sakafu ya saruji iliyosuguliwa, chini ya kivuli. Zilete kingo za mpasuko zikutane bila kupandana. Zikipandana hata kwa milimita 2, kiraka kitakuwa na kunyanzi na upepo utaanza kufanyia kazi kwenye kunyanzi hiyo. Wapo wanaoshikilia kingo kwa vipande vidogo vya tepu upande wa pili wakati wakibandika upande wa kwanza, na huo ni utaratibu mzuri.

Kata kiraka cha tepu ambacho kinapita mpasuko kwa sentimita 4 hadi 5 kila upande, pamoja na kupita ncha zake. Zikate pembe zote ziwe za mviringo. Menya karatasi ya nyuma ya tepu kidogo tu, sentimita 2 hivi, ubandike mwanzo huo, kisha uendelee kuivuta karatasi kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukisukuma tepu kwa ukingo wa kadi ya plastiki au kijiko, ukitokea katikati kwenda kando ili hewa itoke. Povu dogo la hewa likibaki, litoboe kwa ncha ya sindano kwenye tepu tu, bila kugusa plastiki ya tanga, na ulisukume. Geuza tanga na ufanye vivyo hivyo upande wa pili, lakini kiraka cha pili kiwe kikubwa au kidogo kuliko cha kwanza kwa sentimita 1 hivi, ili kingo za viraka viwili zisiangukie mstari mmoja na kutengeneza mahali pa kukunjikia. Malizia kwa kusugua kiraka chote kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko, kwani gundi ya tepu hizi hushika kwa kushindiliwa.

Kwa nini pembe za kiraka ziwe za mviringo?

Pembe kali huanza kubanduka yenyewe, hasa tanga linapoburuzwa mchangani au kukunjwa. Zaidi ya hapo, mkazo hukusanyika kwenye pembe, na plastiki iliyochoka huweza kuanza kupasuka pale pale kiraka kilipoishia.

Nitumie tepu gani, na nikiikosa Mtwara nitumie nini badala yake?

Tepu sahihi ziko za aina mbili: tepu angavu ya poliesta kwa ajili ya plastiki, na dakroni yenye gundi nyuma yake kwa ajili ya kitambaa. Zote huuzwa na wauzaji wa vifaa vya mashua za tanga, na mwenye ndugu au rafiki anayesafiri huko zinakouzwa amwagize roli moja ya kila aina, kwa kuwa haziozi kabatini zikiwekwa mbali na joto.

Usipozipata, kimbilio lililo karibu ni duka la stika, wale mafundi wanaokata maandishi ya kubandika kwenye malori na bajaji. Wana roli pana za plastiki angavu yenye gundi nzuri inayostahimili jua na mvua. Inafaa kwa tundu dogo na kwa mpasuko mfupi wa dirisha. Hata hivyo plastiki hiyo huvutika zaidi kuliko poliesta ya tanga, kwa hiyo katika sehemu yenye mzigo itanyooka na kuuacha mpasuko ufunguke chini yake, nawe hutaona mpaka siku tanga litakapopasuka. Usiitegemee karibu na kona wala karibu na ukingo wa nyuma.

Solotepu ya ofisini haifai kabisa, kwani jua huikausha ikawa ya manjano na kuvunjikavunjika. Tepu ya kijivu yenye nyuzi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi inashika vizuri, lakini gundi yake huyeyuka kwa joto na kuacha uchafu unaonata. Ukishaitumia kwa dharura, iondoe mapema. Mabaki yake yafute kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, osha kwa sabuni kuondoa mafuta hayo, kisha pitisha spiriti. Epuka dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana hufuta maandishi na rangi zilizochapwa kwenye tanga na huweza kulegeza gundi ya mishono.

Je, gundi ya kubandika haraka au gundi ya viatu inaweza kutumika bila kiraka?

Gundi ya kubandika haraka ikikauka huwa ngumu na hukatika, ilhali tanga hutikisika muda wote, usiitumie. Gundi ya viatu hubaki na ulaini, na inaweza kukishikilia kiraka cha dakroni mahali pake wakati wa kushona, lakini haiwezi kubeba mzigo wa upepo peke yake, na kwenye plastiki angavu haishiki ipasavyo kwa sababu uso wake ni laini mno.

Fundi cherehani wa sokoni anaweza kushona tanga la ubao?

Anaweza, kwa masharti, na katika miji yetu ndiye msaada wa karibu zaidi. Mpelekee kazi akiwa hana foleni ya nguo za sherehe, mwamkie, mweleze kinachotakiwa kabla hajaliweka tanga chini ya sindano, na ukae naye mpaka amalize, kwa sababu tanga la mita za mraba 5 haliwezi kushikwa na mtu mmoja. Fundi mmoja mzee wa Mikindani aliyepelekewa kipande cha plastiki alikiinua mbele ya mwanga, akakikunja kidogo, akasema, "Mwanangu, hii si kanga. Kanga ukikosea unafumua. Hii tundu likishaingia limeingia." Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila fundi anapaswa kulielewa, kwani kitambaa kilichofumwa hufunga tundu la sindano, wakati plastiki hubaki na mstari wa matundu ambao utakuja kuchanikia hapo hapo.

Kwa hiyo mishono ya plastiki iwe mirefu, milimita 4 hadi 5 kila hatua, na kamwe isirudiwe juu ya mstari ule ule. Mshono wa zigizagi ni bora kwa sababu hutawanya mzigo. Cherehani nyingi za kanyagio zilizopo mitaani, zikiwemo zile Singer za zamani ambazo bado zinafanya kazi vizuri, hushona mstari ulionyooka tu. Hapo shona mistari miwili inayokwenda sambamba kwa umbali wa milimita 8 hivi. Kabla ya kushona, bandika tepu au dakroni kwenye njia ya mshono ili uzi ushike kitambaa na usikate plastiki.

Sindano iwe mpya na kali, namba 14 au 16. Uzi uwe wa poliesta, mnene kuliko ule wa nguo. Uzi wa pamba hunyonya maji, huoza, na haumalizi msimu. Ukosapo uzi mnene wa poliesta, ule wa nailoni wanaotumia mafundi viatu unafaa kwa kushona kwa mkono, ingawa jua huudhoofisha mapema. Plastiki ina tabia ya kunata kwenye mguu wa cherehani na kukataa kusogea. Sabuni ya mche iliyokauka ikipakwa kidogo juu ya njia ya mshono huondoa tatizo hilo, na kipande chembamba cha karatasi kikiwekwa chini husaidia pia, kisha huchanwa na kutolewa. Upande wa tanga unaopita chini ya mkono wa cherehani uviringishwe kama mkeka na usikunjwe, kwani plastiki ikikunjwa kwa pembe kali huacha alama nyeupe isiyofutika, na alama hiyo ni mwanzo wa ufa.

Mshono umefumuka, lakini kitambaa chenyewe ni kizima. Je, nahitaji kiraka?

Hauhitaji. Uzi ndio uliokwisha kwa jua au kwa kusuguliwa. Shona kwa mkono ukipitia matundu yale yale ya zamani, bila kuongeza mengine. Tumia sindano butu ili isitoboe pembeni, uzi wa poliesta uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, na wasaidizi wawili, mmoja kila upande wa tanga, mkirudishiana sindano. Anza sentimita 5 kabla ya pale ulipofumukia na umalize sentimita 5 baada yake, juu ya uzi wa zamani ulio imara. Usivute uzi kwa nguvu, kwani mshono uliokazwa kupita kiasi hukusanya kitambaa na kulipotosha tanga. Wenye kushona matanga ya ngalawa wanaijua kazi hii kwa mikono yao. Mwenye bahati ya kuishi jirani na mmoja wao ampelekee, naye atamwona akiimaliza kwa muda mfupi kwa shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea.

Mfuko wa mlingoti umechanika karibu na bumu. Unakarabatiwaje?

Hapa ndipo dakroni husagika kuliko pengine popote, kwa sababu bumu hukaa pale na tanga huanguka upande huo mara kwa mara. Toa mlingoti, upindue mfuko nje ndani kadiri inavyowezekana, na uondoe mchanga wote ulionasa ndani, kwani mchanga ndio uliokula kitambaa kwa kuanzia. Kata kiraka cha dakroni kwa kisu kikuukuu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Poliesta huyeyuka ukingoni na nyuzi hazitachomoka. Fanya hivyo nje, penye hewa, mbali na tanga lenyewe.

Nyuzi za kiraka zielekee upande mmoja na nyuzi za mfuko. Hili huachwa na wengi, nalo lina maana, kwani dakroni haivutiki kwa kufuata nyuzi lakini huvutika kwa mshazari, na kiraka kilichowekwa mshazari kitauachia mpasuko upanuke. Bandika kiraka, kisha shona ukingo wote mara mbili. Usiushonee mfuko upande wa pili kwa bahati mbaya. Ingiza kipande cha boksi ndani yake ili kutenganisha pande mbili, kwani kosa hili hugunduliwa ufukweni wakati mlingoti unapokataa kupita.

Ncha za mifuko ya mbavu zimetoboka. Je, ni hatari?

Si hatari ya papo kwa papo, ila usiiache. Ubavu uliotokeza husugua mlingoti upande mmoja na kuchana plastiki ya jirani upande mwingine. Kabla ya kuweka kiraka, legeza mvutano wa mbavu, uzitoe, na uchunguze ncha zake: zikiwa na mikwaruzo mikali, zisugue kwa msasa laini mpaka ziwe butu. Funika sehemu iliyotoboka kwa mkanda mnene wa nailoni, wa aina ile inayotumika kwenye mabegi ya shule, uliokatwa kwa moto na kushonwa kwa mkono. Unaporudisha mbavu, zikaze mpaka mikunjo ya wima kwenye mfuko iishe, na usizidishe hapo.

Sehemu ya chini ya tanga imekwaruzika kwa kugusana na ubao. Nifanyeje?

Uso wa ubao una chengachenga za kuzuia utelezi, na hizo husaga ukingo wa chini wa tanga kila mchezaji anapolilaza. Bandika ukanda wa dakroni yenye gundi kwenye ukingo huo kabla haujatoboka, na uubadilishe ukichakaa.

Je, ninaweza kutumia kiroba, turubai au gunia la korosho kama kiraka?

Swali hili lina msingi, kwa sababu matanga mengi ya ngalawa na mitumbwi katika pwani yetu yameungwa kwa viroba na turubai, na yanafika baharini na kurudi. Lakini tanga la ngalawa ni kitambaa laini kinachoning'inia kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga juu ya mlingoti, na kuruhusiwa kujaa upepo kama kinavyotaka, wakati tanga la ubao limekatwa kwa umbo maalumu linalokazwa na mlingoti uliopinda na mbavu, na kiraka kinachovutika tofauti na kilichokizunguka hulivunja umbo hilo. Kiroba kimefumwa kwa polipropilini, ambayo gundi nyingi hazishiki na ambayo jua huila haraka. Turubai ni zito na hunywa maji pembezoni. Gunia la korosho lina mahali pake ghalani. Kwa dharura ya siku moja kiroba kilichoshonwa kinaweza kukurudisha nyumbani, lakini kisiachwe hapo.

Plastiki ya dirisha imekuwa na ukungu na mistari mingi midogo. Je, kiraka kitasaidia?

Hapana. Hiyo ni dalili ya jua, na jua la huku si la mchezo: Mtwara iko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Februari na tena baada ya katikati ya Oktoba, na kwa miezi yote kuanzia Oktoba hadi Februari hukaa juu sana adhuhuri. Miale hiyo huvunja poliesta kidogo kidogo mpaka ikapoteza ulaini wake. Kupima, bonyeza plastiki kwa kidole gumba mahali pasipo na mzigo, karibu na mshono. Ikirudi bila sauti na bila alama, bado ina uhai, na ikitoa mlio mkavu au kuacha ufa, kila kiraka utakachobandika kitapasuka pembeni yake. Kinachobaki ni kubadilisha kipande kizima, kazi ya karakana ya matanga, au kulitumia tanga hilo kama akiba ya dakroni na mbavu kwa matanga mengine. Binafsi naona matumizi hayo ya pili yana faida zaidi, kwa kuwa kona na mfuko wa tanga zee hutoa viraka vizuri kuliko chochote kinachouzwa dukani.

Pete ya chuma ya kona imeng'oka. Je, fundi viatu anaweza kuibana tena?

Pete za fundi viatu na za maturubai ni laini na hushika tabaka chache tu, wakati kona ya tanga la ubao ina tabaka nyingi za kitambaa na huvutwa na kamba kwa nguvu kubwa. Ikiwa ni lazima lirudi majini kabla ya kupelekwa kwa mtaalamu, pitisha mkanda wa nailoni wa upana wa sentimita 2 au 3 kupitia tundu la kona, uusambaze kwa mielekeo mitatu juu ya tanga, na kushona kila mkia kwa urefu wa kiganja. Tumia upepo mdogo tu.

Baada ya kukarabati nisubiri kwa muda gani?

Tepu iachwe kwa saa 24 kabla ya kuingia maji, na zaidi wakati wa masika, ambayo huku kusini huanza kuelekea Desemba na kufika hadi Aprili, kwa sababu unyevu huchelewesha gundi kushika. Katika miezi hiyo fanya kazi ndani ya nyumba, asubuhi, wala usibandike chochote mvua ikinyesha nje.

Nitalihifadhije tanga lililokarabatiwa?

Lioshe kwa maji baridi, likaushe kivulini, kisha uliviringishe kuanzia kileleni kwenda chini, kiraka kikiwa kimelala sambamba na mviringisho. Usiliache limetandazwa ufukweni huku ukipumzika chini ya mkungu. Saa hizo za kupumzika ndizo zinazolizeesha. Mfuko wa mlingoti ukauke kabisa ndani, la sivyo ukungu mweusi utaota kwenye dakroni na kuingia chini ya viraka. Chumba chenye panya si mahali pake pia, maana panya hupenda kutengeneza kiota ndani ya mfuko huo na hukata njia ya kutokea.

Je, tanga lenye viraka hukamata upepo vibaya?

Kiraka kidogo katikati ya dirisha hakitambuliki na mchezaji wa kawaida. Kinachotambulika ni kiraka kilichobandikwa kwa kunyanzi, au mshono uliovutwa ukaufupisha upande mmoja, kwani tanga hilo hupiga kelele ukingoni na kuvuta kwa upande usiotarajiwa. Ukisimamisha tanga ufukweni kwa mara ya kwanza baada ya ukarabati, likaze kama kawaida, ulilaze, na uangalie kutoka mguuni kwenda kileleni kama mikunjo inaelekea kwenye kiraka. Ikielekea, bandua kiraka, osha, na ubandike upya kabla ya kuingia majini.